Foleni ya Kuwaonyesha Majaji

Jumatatu, 6 Mei 2024

Nimerudi jana jioni kutoka semina ya Morogoro. Siku tano za projekta, chai na karanga. Mada: namna mtiririko wa kazi uliopangwa vizuri unavyotatua matatizo magumu viwandani na vyuoni. Nilipelekwa kwa sababu Mkuu wa Chuo alikuwa na harusi ya mpwa wake. Nimerudi nimeokoka.

Mkufunzi alisema tatizo kubwa ni matatizo madogo yaliyosimama foleni, kila moja likilisubiri la mbele yake. Nikamfikiria mhitimu wetu. Chuo cha Ufundi Mwambao, hapa Ilemela. Akitaka cheti chake anapita kwa mkuu wa idara, maktaba, stoo, uhasibu, kwa mwalimu wa michezo — kuthibitisha kwamba hakuondoka na mpira, hata kama hajawahi kuugusa — kisha kwa Makamu, kisha kwa Mkuu. Kila mmoja ana siku zake za kusaini. Wengine wanaolewa na kuzaa bado wanafuatilia.

Mimi ndiye msajili. Mimi ndiye ninayewaambia njoo wiki ijayo. Nimeisema sentensi hiyo mara nyingi kuliko nilivyowahi kutaja jina langu, Teodora.

Kesho namwona Mkuu.

Jumanne, 7 Mei

Nimemweleza. Mkuu wetu, Mwalimu Luhaga, ni mtu mpole, mrefu, anavaa suti hata Jumamosi. Alinisikiliza amefumba macho. Nilidhani analala. Labda alilala kweli, akaamkia kwenye neno "tuzo", maana nilikuwa nasimulia vyuo vilivyopata tuzo kwa mambo haya. Akafumbua macho. Akasema huu mtililiko ameupenda. Ni Msukuma wa Misungwi, kwake r na l ni ndugu wa tumbo moja. Sikumrekebisha. Mimi Mhaya, nina yangu.

Makamu wake, Bi. Wilhelmina, akauliza kama kwenye mpango mpya sahihi yake itabaki. Nikasema itabaki moja. Akauliza kwa sasa ziko ngapi. Nne. Akaweka kalamu mezani kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

Jumatatu, 20 Mei

Inafanya kazi!

Naandika tena ili niamini: inafanya kazi. Madeni yote ya mhitimu yanakaguliwa kabla hajamaliza kozi, sio baada. Idara zinajaza kwenye kompyuta moja. Mkuu anasaini vyote kwa pamoja kila Ijumaa. Cheti kinakaa kwenye kabati langu. Mwenye cheti anakuja, anaonyesha kitambulisho, anatia saini, anaondoka.

Wa kwanza leo alikuwa Shigela, kijana wa ufundi magari, katoka Magu. Amekuja na begi, blanketi na ndizi za kuchemsha. Alijipanga kukaa kwa baba yake mdogo mpaka cheti kitoke. Nikampa kabla hajakaa kwenye kiti. Akakitazama mbele, akageuza nyuma. Akauliza arudi lini. Nikamwambia usirudi. Uso ukamshuka — akadhani amefukuzwa. Ilibidi nimweleze upya, polepole, kwamba mambo yamekwisha. Akasimama mlangoni muda mrefu na blanketi lake. Mwisho akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli mwalimu wa michezo hatamtafuta.

Nimekula mchana kwa furaha ambayo sijawahi kuwa nayo kazini. Miaka yote nilidhani mimi ni mtu mbaya. Kumbe nilikuwa hatua isiyo na mpangilio.

Ijumaa, 24 Mei

Leo amekuja Otuoma, fundi mkuu wa kile kiwanda cha minofu ya samaki kule ufukweni. Wanafunzi wetu huenda kwake kwa mazoezi. Mtu mnene, mcheshi, ananukia sangara hata akioga. Aliwahi kuja mwanzoni mwa mwezi kuona ninachofanya, akachukua michoro yangu, akaipeleka kwa wakubwa wake. Zamani fundi mpya wa kiwanda alikuwa anazungushwa ofisi kwa ofisi wiki nzima kabla ya kuingia getini, huku mashine zikisubiri na samaki wakilainika. Sasa wameweka kompyuta pale getini. Namba ya cheti ikiingia, geti linafunguka. Isipoingia, halifunguki, hata kwa mtoto wa meneja. Mtoto wa meneja ameshajaribu, alisema Otuoma, na akacheka mpaka akashika meza.

Nikajisikia mtu. Elimu na kiwanda vimeshikana mikono, na mshenga ni mimi.

Mkuu amesaini vyeti vya kundi jipya, umeme na majokofu, arobaini na kidogo. Vimeingia kabatini. Halafu akatoka ofisini kwake, akasimama kwenye korido, akaangalia huku na huku. Hakukuwa na mtu.

"Watu wamekwenda wapi?" akaniuliza.

"Wamekwenda kazini, Mkuu."

"Bila kuaga?"

Nilifikiri anatania. Hakuwa anatania. Zamani korido ile ilikuwa inajaa tangu asubuhi. Akipita, shikamoo zinamfuata mpaka chooni na kurudi. Mzazi mmoja aliwahi kumletea jogoo. Sasa anapita peke yake na viatu vyake vinasikika. Bi. Wilhelmina naye kaniambia hawajui tena wanafunzi wa chuo hiki. Nikamuuliza zamani alikuwa anawajua vipi. Akasema: kwa kuwarudisha.

Jumatatu, 27 Mei

Barua imekuja. Tumeingia fainali ya tuzo ya kanda ya utendaji bora, kipengele cha viwanda na elimu! Kumbe Mkuu aliomba kimyakimya. Majaji wanakuja Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe sita, saa tatu asubuhi. Wanataka kuona kwa macho yao mtiririko wetu ukitatua tatizo gumu. Mshindi anakwenda Arusha kutoa mada mbele ya vyuo vyote.

Kikao cha dharura. Mkuu akafungua kwa sala. Kisha akauliza: tatizo letu liko wapi?

Nikasema halipo, Mkuu, tulilimaliza.

Akasema anajua. Lakini majaji watakuja waone nini? Korido tupu? Korido tupu hata chuo kilichofungwa kinayo.

Nilitaka kubisha nikaona hoja ina uzito. Mkaguzi akikuta mgonjwa ameshapona atajuaje kama aliumwa?

Bi. Wilhelmina ndiye aliyesema. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayependekeza soda za kikao: tusitoe vyeti mpaka hiyo tarehe sita. Wahitimu wote waambiwe waje siku hiyo. Foleni itajipanga yenyewe. Majaji waone foleni, kisha waone inavyoyeyuka. Baada ya hapo tunaendelea kama kawaida.

Mkuu akanitazama. Wote wakanitazama. Ufunguo wa kabati ninao mimi.

Nilisema ni siku chache tu, si mbaya. Nilisema mimi, kwa mdomo wangu. Nilikuwa tayari nimeshaiona Arusha, na nguo nitakayovaa.

Jumanne, 28 Mei

Mkuu anaogopa foleni isije ikawa fupi. Ameniomba nipange kazi hiyo kitaalamu.

Nimepanga. Siku nzima. Simu za wahitimu zisipokelewe kabla ya saa sita, ili waanze kuwa na wasiwasi. Wakipokelewa waambiwe cheti "kiko kwenye mchakato". Wa Sengerema waambiwe saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu ya kivuko, wa mjini saa mbili, ili wasifike wote kwa mkupuo na foleni ionekane inakua. Kila hatua na mhusika wake. Nimechora kwa rangi tatu.

Aibu naiandika hapa maana hakuna anayesoma: ni mchoro mzuri kuliko wa kwanza. Mkufunzi wa Morogoro angelia kwa furaha. Mkuu ameutazama mara mbili, akasema Msajili, hapa ndipo kipaji chako kilipo.

Alhamisi, 30 Mei

Leo amekuja Awuor. Ni binti wa Shirati, anakaa kwa shangazi yake hapa Kiseke, mtaa wa pili kutoka kwetu. Msichana pekee wa darasa la majokofu. Alibisha hodi, akasubiri mpaka nikamkaribisha.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, Awuor. Karibu."

Hakukaa. Alisema amekuja kuulizia cheti, kama kimetoka. Akatoa barua kwenye mfuko wa plastiki: kiwanda cha Otuoma kimempa kazi, chumba cha baridi. Anatakiwa kuripoti getini Alhamisi ijayo, tarehe sita, kabla ya saa nane mchana. Akichelewa nafasi anapewa anayemfuata, mtu wa Musoma.

Cheti chake kilikuwa nyuma yangu. Kiti changu kilikuwa kimeegemea kabati. Kwa kunyoosha mkono tu ningekigusa.

Nikasema kiko kwenye mchakato.

"Haya madam. Nije lini?"

Nikamwambia Alhamisi, saa tatu asubuhi. Akapiga hesabu kwa macho: saa tatu mpaka saa nane, mbali. Uso ukamfunguka. Akanishukuru mara mbili. Alivyotoka nikafungua kabati nikakiona, jina lake kwa herufi kubwa, sahihi ya Mkuu imekauka tangu Ijumaa. Nikafunga.

Hakuna atakachopoteza. Saa tatu anapewa, saa tano yuko getini. Nimeshahesabu.

Jumapili, 2 Juni

Baada ya ibada nimemsimulia Antoni. Mume wangu ni fundi boti, maneno yake machache. Alikuwa anapaka mkate siagi.

Akasema: "Yaani mnawanyima vyeti ili muwaonyeshe watu mnavyowapa."

Nikamwambia akisema hivyo inasikika vibaya.

Akauliza niseme mimi, basi, kwa namna inayosikika vizuri. Nilieleza kwa muda mrefu. Nilitumia neno tathmini. Nilitumia neno uhalisia. Alimaliza mkate wake, akanawa, akaenda kuangalia injini ya mtu.

Tulimwona Awuor kanisani na shangazi yake. Shangazi alinishika mikono yote miwili. Binti yetu anaanza kazi Alhamisi, alisema, na asante mwalimu, Mungu akuzidishie.

Jumanne, 4 Juni

Bango limefika. Mkuu aliliagiza kwa simu. Limeandikwa kama alivyotamka: KARIBUNI MUONE MTILILIKO WETU. Kubwa, la bluu. Hakuna aliyethubutu kulisahihisha. Mwalimu wa michezo pekee alisema labda ni neno la kitaalamu.

Mchana Otuoma amenipigia. Hana utani leo. Mashine ya chumba cha baridi namba mbili inasumbua na fundi wake aliyekuwepo ameacha kazi. Anamtaka Awuor aanze hata kesho, alikuwa naye kwenye mazoezi, anamwamini. Akauliza kama cheti kiko tayari. Nikasema Alhamisi. Akauliza kwa nini Alhamisi.

Nikamuuliza kama hawezi kumwingiza tu, cheti kikafuata.

Akacheka, sio vizuri. "Madam, ni mfumo wako. Geti halina masikio."

Nilikaa baada ya simu ile. Nilifikiria kumpa Awuor cheti chake jioni, nyumbani, kwa siri. Ni mwendo mfupi tu. Lakini wahitimu wana kundi lao la simu. Akipata mmoja watajua wote, watakuja kesho, na Alhamisi nitabaki na bango. Nimekunywa maji. Sikwenda.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi ya kupokea wageni. Mkuu amekariri hotuba. Viti vya plastiki vimeoshwa. Simu za wahitimu: nimepiga zote mwenyewe. Wote wanakuja.

Alhamisi, 6 Juni

Asubuhi. Nimefika mapema. Upepo wa ziwani unapiga bango kama tanga. Foleni imeanza kabla sijapaki. Wa Sengerema kwanza, kama nilivyopanga. Kisha Misungwi. Kisha mjini. Awuor nilimwambia saa tatu, lakini amewahi na ni wa tatu, sketi nyeusi, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, na koti zito mkononi kwa ajili ya chumba cha baridi. Foleni imetoka ofisini kwangu ikapita korido ikazunguka mlingoti wa bendera. Mkuu amepita mara nne. Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Sijamwona na furaha hiyo tangu Aprili.

Saa nne. Majaji wamefika Mwanza, wako hotelini wanapata kifungua kinywa.

Saa tano na nusu. Majaji wameanzia kwenye chuo kingine, wanasema ni jirani. Jua limetoka sawasawa. Watu wamekaa chini. Mama mmoja ana mtoto mchanga. Nimeomba kwa Mkuu tuanze kugawa kidogokidogo. Akasema tukigawa kidogokidogo tutawapokea kwa foleni kidogokidogo.

Saa sita. Majaji wamekaribishwa chakula cha mchana. Sato wa kuchoma. Sato huchukua muda.

Nimempigia Otuoma kumwomba anisogezee saa nane iwe saa tisa. Akasema angeweza kama saa ingekuwa yake. Iko kwenye kompyuta. Saa nane jina la Awuor linatoka, la mtu wa Musoma linaingia, na huyo mtu wa Musoma ameshafika, amekaa kwenye jiwe nje ya geti, anakula muhogo.

(Baadaye.)

Acha niandike kama ilivyokuwa.

Ilikuwa inakaribia saa saba. Awuor aliacha nafasi yake akaja dirishani kwangu. Nilijua anakuja kulia na nilikuwa nimeandaa maneno. Hakulia.

"Madam, samahani. Naomba ruhusa nitoke kwenye foleni."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa fundi Otuoma. Nimwambie asinisubiri tena, amchukue yule mwingine. Mashine imeharibika, na yeye amenitetea kwa wakubwa. Sipendi aharibikiwe kwa sababu yangu." Akahamishia koti mkono wa pili. Kisha: "Cheti nitafuata siku nyingine. Hata wiki ijayo."

Wiki ijayo. Alinirudishia neno langu kwa adabu, bila kujua kuwa ni langu.

Nikasema subiri hapo hapo. Nikafungua kabati. Nikampa. Akakishika kwa mikono miwili, akasoma jina lake, akasoma tarehe. Tarehe ya Mei. Akanitazama. Alielewa. Nilimwona anaelewa, na alisema tu asante madam, kwaheri, akaondoka anakimbia, kisha nikasikia bodaboda.

Aliyekuwa nyuma yake alikuwa ameona. Akasema na mimi pia, madam? Na mimi nikasema na wewe pia. Kitambulisho. Saini. Haya. Mwingine. Kitambulisho, saini, haya. Mwalimu wa michezo alipita akasimama, akaanza kuwapanga bila kuulizwa. Sijui ni kwa nini nilikuwa natabasamu. Yule mama mwenye mtoto alitia saini kwa mkono wa kushoto, mtoto kwenye wa kulia. Foleni ikatoka kwenye mlingoti wa bendera, ikaingia korido, ikafupika, ikafika mlangoni, ikaisha. Kabati tupu. Uwanja mtupu. Chupa za maji na maganda ya karanga.

Ulikuwa mtiririko mzuri kuliko wowote nitakaowahi kuuona.

Mkuu alitoka ofisini, alikuwa anarudia hotuba. Akaangalia korido.

"Umewapa wote?"

"Wote, Mkuu."

"Kwa muda gani?"

"Hata saa nzima haikufika."

Akakaa kwenye kiti kimoja cha plastiki. Hakufoka. Ningependa angefoka. Akasema taratibu, kama anaongea na ziwa: "Na hakuna hata mmoja aliyepiga picha."

Ndipo simu ikalia. Majaji wamemaliza sato. Wako njiani, wameshapita uwanja wa ndege.

Mkuu akasimama. Sijawahi kumwona akifikiri haraka hivyo. Akasema walimu wote watoke madarasani. Wapishi. Mtunza maktaba. Mlinzi avue kofia. Wote wasimame kwenye foleni, wavue tai, wavae kiraia. Mwalimu wa michezo akauliza wao ni akina nani sasa. Wahitimu, akasema Mkuu. Elimu haina umri.

Bi. Wilhelmina alisimama wa kwanza. Amevua miwani na hereni na kujifunga kitenge cha mpishi. Ana miaka hamsini na saba. Alisema mpango ulikuwa wake, hawezi kusimama nyuma.

Majaji walikuwa watatu. Kiongozi wao, Bwana Obedi, ni mzee mwenye kalamu mbili mfukoni na doa la pilipili kwenye shati. Aliipenda foleni. Alisema imetulia, ina watu wazima, inaonyesha chuo kinawafikia wananchi. Mpiga picha wao akapiga. Mkuu akaingia kwenye picha.

Kisha Bwana Obedi akamwendea Bi. Wilhelmina.

"Shikamoo, mama." Yeye mwenyewe si kijana, lakini alimwamkia. "Umesoma kozi gani hapa?"

Bi. Wilhelmina akasema: "Uchomeleaji."

"Uchomeleaji! Hongera sana. Na umesubiri kwa muda gani?"

Nilidhani atasema wiki moja. Ndivyo tulivyokubaliana. Lakini alimtazama yule mzee usoni, kitu fulani kikamwingia, akasema: "Miaka kumi na tisa."

Ni miaka aliyokaa umakamu. Mkuu akaangalia bango. Bwana Obedi akaandika, akapigia mstari. Akawaambia wenzake kwamba hili ndilo hasa tatizo gumu. Akageuka kwangu na macho ya upendo. Akasema sasa wangependa kuona mtiririko ukifanya kazi, mwanzo mpaka mwisho, kwa mama huyu. Mpiga picha akasogea.

"Msajili," akasema Mkuu kwa sauti ya hotuba, "mpe mhitimu cheti chake."

Nikasema naenda kuchukua mhuri.

Sasa niko stoo. Mhuri ninao mfukoni, ulikuwepo muda wote. Nimekaa juu ya katoni ya chaki na daftari hili. Mbele yangu kuna rundo la vyeti vitupu, na vile vichache ambavyo Mkuu alivisaini mapema vikiwa vitupu, akasema vya dharura. Nimechukua kimoja. Nimeandika: Wilhelmina. Sijaandika kozi.

Nikiandika, nitakuwa nimetoa cheti cha uchomeleaji kwa mtu anayeogopa hata kiberiti, mbele ya kamera. Nisipoandika, natoka na mikono mitupu nawaambia nini? Kwamba tatizo lilitatuliwa saa saba, nyinyi mkiwa mnakula?

Naweza kusema hivyo. Ni sentensi fupi.

Simu imetetemeka. Otuoma. Neno moja na namba: ameingia, saa saba na dakika hamsini. Chini yake picha ya geti, na mgongo wa Awuor na lile koti zito, tayari amelivaa.

Nimeisoma mara tatu. Nimekunja kile cheti. Nimekikunjua.

Mlango unagongwa. Nilidhani ni Mkuu. Sio Mkuu. Ni Bi. Wilhelmina, amezungukia mlango wa nyuma na kitenge chake cha jikoni, anahema. Nikajua amekuja kuniambia niache, tuwaambie ukweli. Nimemfungulia.

Ameangalia cheti, ameona jina lake. Amelipitisha kidole. Anaongea kwa kunong'ona, huku akichungulia nje.

"Teodora, mdogo wangu. Kama utaandika, basi niandikie daraja la kwanza."

Bado amesimama hapa. Ananingoja.